Makanisa ya Lalibela: nani aliyachonga, na je, Mama ataweza kupanda?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, Iringa. Nimejipanga kumpeleka mama yangu Lalibela, Ethiopia, kwa Krismasi yao ya Januari. Ana miaka 67, anakaa Tanga, ana presha ila dawa anatumia vizuri. Tangu nianze kusoma nimezidi kuchanganyikiwa. Video moja inadai makanisa yale yalichongwa na wapiganaji wa Templar kutoka Ulaya, eti Waafrika wa wakati ule hawakuwa na ujuzi huo. Mchungaji wetu anasema ni kazi ya malaika. Rafiki aliyefika huko anasema yamefunikwa mapaa ya chuma kwa sababu yanakaribia kuanguka, na kwamba kuna vita. Niwafundishe nini wanafunzi wangu? Na je, twende?"*

Marahaba, mwalimu. Umeuliza mengi, lakini naliona moja linalokukaa kooni kuliko yote: utasimamaje mbele ya darasa ukiwa huna hakika kama Waafrika wa karne ya 12 waliiweza kazi ile. Waliiweza. Naanza na hilo, kisha nitafika kwenye presha ya Mama na hali ya usalama, ambako jibu langu halitakuwa jepesi.

Lalibela ni mji mdogo wa milimani, zamani ukiitwa Roha, kisha ukachukua jina la mfalme Lalibela, katika nchi ya Lasta kaskazini mwa Ethiopia. Uko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake umesimama mlima Abuna Yosef unaopita mita 4,000. Makanisa ni 11, na UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, mwaka wa kwanza kabisa wa orodha hiyo. Yako katika makundi mawili yanayotenganishwa na mfereji uitwao Yordanos, na moja, Bete Giyorgis, limejitenga peke yake. "Bete" ni nyumba. Ni ndugu wa "bayt" ya Kiarabu, ambayo sisi tumeipokea katika ubeti wa shairi. Bete Medhane Alem ni Nyumba ya Mwokozi wa Ulimwengu, na hilo "alem" ndilo lile lile la "rabi l-alamina". Waambie wanafunzi wako hayo siku ya kwanza, nchi ile itawasogelea.

Sasa tuje kwenye kuchonga, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Fundi wa Kilwa Kisiwani, aliyefanya kazi katika karne hizo hizo, alikata matumbawe, akachoma chokaa, akapandisha ukuta kutoka chini kwenda juu. Akikosea, alibomoa akajenga upya. Fundi wa Lasta alianza na paa. Alichagua mwamba, akachimba handaki kuuzunguka pande zote mpaka likabaki bonge moja limesimama shimoni, kisha akalichonga bonge lile kutoka juu kushuka chini, nje na ndani, kwa sururu, tezo na patasi. Nguzo hazikusimamishwa, ziliachwa. Dari halikuezekwa, liliachwa. Ukikata pasipotakiwa, hakuna jiwe la kurudishia. Bete Medhane Alem, kubwa kuliko yote, lina urefu wa zaidi ya mita 33, na lote ni jiwe moja na mlima uliolizaa.

Watu husema kazi hiyo inahitaji mashine. Haihitaji. Mwamba wa pale ni wa volkano, mwekundu, wenye vitundu vidogo vidogo, na ni laini kiasi kwamba chuma kinaushinda bila shida. Kinachohitajika ni mambo mawili: watu wengi waliopangwa vizuri, na kichwa kinachoona jengo zima kabla ya pigo la kwanza. Mimi kazi yangu ni kutunza majengo ya kale ya mawe, na niliposhuka shimoni mwa Bete Giyorgis nilikaa muda mrefu nimeutazama ukuta wa handaki. Alama za patasi bado zipo, zimeinama upande mmoja safu kwa safu, kama alama za jembe shambani. Ukiweka kiganja juu yake unajua aliyepiga alisimama wapi.

Na ukitaka ushahidi wa nani alikuwa fundi, usitafute maandishi, tazama madirisha. Mamia ya miaka kabla ya Lalibela, watu wa Aksum, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, walijenga kuta za mawe zilizofungwa kwa mbao, na ncha za boriti zikichomoza nje ya ukuta. Wataalamu huziita "vichwa vya nyani". Minara mikubwa ya mawe ya Aksum imechongwa kuiga majengo hayo. Nenda sasa Bete Amanuel: ukuta mzima umechongwa mistari ya kuchomoza na kurudi ndani, kama ukuta wa mawe na mbao, ilhali mbao hakuna. Ni mwamba mtupu. Boriti ya jiwe haishiki kitu, haibebi kitu. Imewekwa kwa sababu fundi alikuwa amezoea tangu utotoni kwamba nyumba ya heshima hufanana hivyo. Mgeni kutoka Ulaya angechonga alivyovizoea kwao. Mtu haigi kwa jiwe mbao ambazo babu zake hawakujenga nazo.

Kiungo cha kati nacho kipo. Si mbali na Lalibela kuna kanisa la Yimrehane Krestos, limejengwa ndani ya pango kwa mawe na mbao halisi, kwa mtindo huo huo wa Aksum. Jina ni la mfalme aliyetangulia Lalibela katika ukoo ule ule wa Zagwe. Na Tigray, jimbo la kaskazini kabisa mwa Ethiopia, kuna makanisa ya kuchongwa mwambani ambayo ni ya kale kuliko haya. Kwa hiyo ujuzi haukushuka ghafla. Ulipanda ngazi, na ngazi zake zinaonekana.

Hoja ya Templar hutegemea zaidi misalaba iliyochongwa. Mjibu aliyetengeneza ile video kwa tarehe mbili tu: chama cha Templar, cha wapiganaji wa Ulaya wa vita vya msalaba, kilianzishwa Yerusalemu karibu mwaka 1119, na msalaba ulikuwa kwenye sarafu za mfalme Ezana wa Aksum katika karne ya 4. Miaka zaidi ya 700 iko katikati. Hoja ile inanikera, nakiri, kwa sababu haianzi na jiwe. Inaanza na imani kwamba Mwafrika hakuweza, halafu inatafuta Mzungu wa kumpachika. Mzungu wa kwanza tunayejua aliyaeleza makanisa haya kwa kina ni Francisco Álvares, kasisi wa Kireno aliyefika miaka ya 1520, zaidi ya miaka 300 baada ya mfalme Lalibela kuanza kutawala. Aliandika kwamba anachoka kuendelea kuyaeleza maana anajua kwao hawatamwamini, akaapa kwa Mungu kwamba yote ni kweli. Huyo alishangaa. Hakudai.

Kuhusu malaika, nakuomba usimbishie Mchungaji mbele ya wanafunzi. Amerudia kile ambacho wenyeji wenyewe husimulia: kwamba mchana walichonga watu, na usiku malaika wakaendeleza. Imo katika wasifu wa Mtakatifu Lalibela ulioandikwa kwa Kigeez, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, muda mrefu baada ya kufa kwake. Humo imo pia habari ya nyuki waliomzunguka akiwa mchanga, mama yake akasema nyuki wamemtambua kuwa mfalme, na hapo ndipo jina lilipotoka. Wafundishe kwamba hiyo ni habari ya jinsi watu wanavyoithamini kazi ile, nayo ni historia pia, ila ya aina nyingine. Nimemsikia kasisi mmoja pale akieleza patasi, handaki na malaika katika pumzi moja, bila kuona kimegongana kitu.

Kuna jambo vitabu vingi vya shule vinalirahisisha kupita kiasi: kwamba yote 11 yalichongwa na mfalme mmoja. Lalibela alitawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, na sina shaka kwamba mkono wake ulikuwa mkubwa. Lakini watafiti waliopima pale wanaona awamu kadhaa. Njia yao ni nzuri sana kwa darasa. Kwenye jengo la kujengwa, cha kale kiko chini. Kwenye jengo la kuchongwa ni kinyume: cha kale kiko juu, maana kila kizazi kinachozidisha kuchimba kinaishusha sakafu. Ndiyo maana utaona milango inayoning'inia hewani na ngazi zisizofika popote. Bete Gabriel-Rufael unaingia kwa kupita daraja juu ya shimo refu. Baadhi ya wataalamu wanaamini kwamba hilo na Bete Merkorios hayakuanza kama makanisa, bali ngome au makao ya watawala, karne kadhaa kabla ya Lalibela. Bado wanabishana. Mimi nakubaliana na wanaosema awamu ni nyingi. Idadi ya miaka siwezi kuisimamia.

Na ile habari ya "Yerusalemu Mpya", kwamba mfalme aliujenga mji kwa sababu sultani Salah ad-Din aliitwaa Yerusalemu mwaka 1187? Majina ya Golgotha na Yordanos yanaonyesha wazi kwamba mji unaitazama Yerusalemu. Lakini mahujaji wa Kihabeshi hawakuacha kwenda Yerusalemu yenyewe. Sema "iliiga kwa ibada", usiseme "ilichukua nafasi".

Tuje kwenye mapaa. Rafiki yako kaona sawa, ila kaelewa nusu. Mwaka 2008 yalisimamishwa mapaa manne makubwa juu ya baadhi ya makanisa, yamebebwa na nguzo za chuma, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Adui wanayemzuia ni maji. Umewahi kuona ukuta wa nyumba ya udongo uliokosa upenu: masika unanyonya, kiangazi unakauka, na baada ya miaka michache ngozi ya ukuta inabanduka kwa magamba. Mwamba wa Lalibela una udongo mfinyanzi ndani ya vitundu vyake. Mvua za Juni hadi Septemba zikiingia, udongo ule unavimba. Jua la Novemba likipiga, unasinyaa. Rudia hivyo mara 800, jiwe linachoka. Chumvi nayo husafiri na maji hadi juu ya ukuta, maji yakikauka, chumvi inabaki, inakuwa fuwele na kuusukuma uso wa jiwe utoke.

Mafundi wa kale walilijua hilo kuliko watu wengi wa leo. Sakafu za nyua zimeinamishwa, mahandaki yana mifereji ya kupeleka maji chini bondeni, na paa la Bete Giyorgis lina midomo ya kutemea maji. Ukifika, piga magoti uangalie pembezoni mwa ua, utaona njia ya maji imechongwa kwa uangalifu ule ule wa dirisha. Tatizo lilikuja mifereji ilipojaa kifusi na nyufa zikaachwa. Baadaye, katikati ya karne ya 20, kukawa na matengenezo yaliyotumia lami na rangi nyekundu, ambayo yalifungia unyevu ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 timu ya msanifu Mwitaliano Sandro Angelini ikafanya kazi ya kuyaondoa.

Je, mapaa yanasaidia? Kwa mvua, ndiyo. Lakini yalikusudiwa kuwa ya muda, na mwamba uliozoea unyevu ukikaushwa kupita kiasi nao hupasuka kwa namna yake. Wenyeji wanaogopa zaidi uzito: nguzo zile zikianguka kwa upepo, zitaangukia kanisa. Mwaka 2018 waliandamana kudai hatua zichukuliwe, na Machi 2019 Rais Macron wa Ufaransa alifika akaahidi msaada. Njia nyingine ilijaribiwa Bete Gabriel-Rufael: nyufa zilizibwa na paa likarekebishwa ili maji yateleze. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Ni ya polepole, inataka fundi arudi kila baada ya masika, na haipigiki picha vizuri kama paa la chuma. Kwa swali lako la moja kwa moja: hayaanguki kesho, na mnaruhusiwa kuingia. Lakini magamba na nyufa ni vya kweli, na mkono wa mgeni ukutani unaongeza.

Sasa Mama. Hewa ya Lalibela ina sehemu ile ile ya oksijeni kama ya Tanga, ila mgandamizo wake ni mdogo, hivyo kila pumzi inaleta kama robo tatu tu ya oksijeni anayoipata nyumbani. Mwili unajibu kwa kupumua haraka na moyo kupiga haraka, na presha inaweza kupanda siku za mwanzo. Wengi wenye presha iliyodhibitiwa huvumilia kimo hicho, lakini hilo si langu wala lako kuamua. Amwone daktari wake wiki kadhaa kabla, amweleze wazi "mita 2,500, ngazi nyingi, siku nne", na aulize juu ya dawa, hasa kama anameza zile za kutoa maji mwilini, maana hewa ya kule ni kavu. Wewe wa Iringa mwili wako umeanza kuzoea. Usimpime kwa mwendo wako.

Laleni Addis Ababa angalau usiku mbili kwanza. Iko zaidi ya mita 2,300, ni ngazi nzuri ya kati. Kichwa kuuma kidogo na usingizi kukatika ni kawaida. Kikizidi kuuma, akitapika, apumzike asipande tena. Akihema akiwa amekaa, akiyumba au akianza kuongea visivyoeleweka, msisubiri asubuhi: apelekwe hospitali na ashushwe kwenda chini.

Ngazi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kuliko kimo. Zimechongwa mwambani, hazilingani, zimelainishwa na miguu ya karne nane, hazina pa kushika. Mahali pengine mnapita handaki la giza wanaloliita Jehanamu. Kundi la kaskazini ni rahisi zaidi, na Bete Giyorgis anaweza kuliona lote kutoka juu, ukingoni, bila kushuka. Nami naona pale juu ndipo linapopendeza kuliko kote: misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, imelala usawa wa miguu yako.

Krismasi yao, Genna, kwa kawaida huangukia Januari 7. Asubuhi ile, pale Bete Maryam, makasisi waliovaa nyeupe husimama safu moja juu ya ukingo wa mwamba na safu nyingine chini uani, wakajibizana kwa nyimbo, ngoma na kayamba za chuma, wakiinama na kuinuka kama wimbi. Ninatamani kila mtu aione. Lakini mahujaji ni maelfu kwa maelfu, wengine wametembea kwa siku nyingi, na ngazi zile zinajaa hadi mtu anabebwa na umati. Kwa mtu wa miaka 67 mwenye presha, ningechagua Oktoba au Novemba: mvua zimekatika, milima bado ya kijani, na kasisi ana muda wa kuwafungulia pazia na kuwaonyesha msalaba wake.

Usalama nitausema kama ulivyo. Mji ulitwaliwa na majeshi ya Tigray, yaliyokuwa vitani na serikali ya Ethiopia, Agosti 2021, ukabadilisha mikono zaidi ya mara moja kabla mwaka huo haujaisha. Vita vile vilimalizwa kwa mkataba wa Novemba 2022, lakini tangu 2023 kuna mapigano mengine katika jimbo lote la Amhara, ambamo Lalibela imo, kati ya serikali na wapiganaji wa Fano, wanamgambo wa Kiamhara. Hali hubadilika kwa wiki, kwa hiyo chochote nitakachoandika leo kinaweza kuwa kimepitwa. Ulizeni ubalozi wa Tanzania ulioko Addis Ababa mwezi mmoja kabla, na tena wiki moja kabla. Msiende kwa barabara. Ni ndege tu. Tiketi iwe ya kubadilishika. Wasipokuhakikishia, ahirisha, bila kujiona mwoga.

Mkiwa mmeshafika Addis na njia ikafungwa, kusini mwa mji, safari ya siku moja kwenda na kurudi, kuna Adadi Maryam, kanisa dogo la kuchongwa mwambani ambalo wenyeji wanalihesabu kuwa la mfalme Lalibela. Halina fahari ya yale 11, lakini Mama atashuka handakini, atagusa giza lile, na atasikia Kigeez kikisomwa.

Mkifika Lalibela yenyewe, chukueni kiongozi mwenyeji mwenye kibali, si kijana wa kwanza mnayekutana naye uwanja wa ndege. Waulizeni kabla ya kupiga picha watu wanaosali. Mama ajue mapema kwamba Bete Golgotha, ambako inasemekana mfalme amezikwa, wanawake hawaingii; ni heri alisikie kwako kuliko mlangoni. Tengeni pia saa moja ya kutazama nyumba za zamani za Lasta, za mviringo, za mawe mekundu na ghorofa moja juu, maana waliochonga makanisa walikuwa na kwao pia, na wanafunzi huwa hawaulizi fundi alilala wapi.

Viatu huvuliwa kila mlango, na mazulia yana viroboto. Mfungie Mama soksi nene jozi tatu.